Ngeu Katika Pampu ya Mafuta

Watu wengi wakiitazama injini hutazama gurudumu lake kubwa, kwa kuwa ndilo linalozunguka na kupiga makelele. Mrisho hakuwa miongoni mwao. Tangu alipoajiriwa kuendesha injini ya kituo cha maji cha Chinyika, upande wa Dodoma wa kuelekea Bahi, moyo wake ulikuwa umekwama kwenye kitu kidogo kilichojificha chini kabisa, kitu ambacho ungeweza kukifunika kwa viganja viwili na kukisahau: pampu ya mafuta.

"Gurudumu ni makeke tu," alikuwa akimwambia mkewe, Stara. "Mwenye nyumba hasa yumo huku chini, hasemi neno."

Ndani ya pampu hiyo mlikuwa na vigurudumu viwili vya meno, vimeshikana meno kwa meno. Vikizunguka, viliyakamata mafuta na kuyasukuma kwenye mrija wa shaba mpaka juu, ambako yalionekana yakidondoka tone baada ya tone ndani ya kikombe cha kioo, kisha yakateremka kila mahali chuma kilipokutana na chuma. Mrisho alikuwa amejifunza kazi katika karakana ya reli Dar es Salaam, akaona mitambo mikubwa kuliko nyumba. Lakini jambo moja lilikuwa halijamwisha mshangao. Vyuma vile vilivyokwenda mbio kutwa nzima, kwa kweli havikugusana. Kati yake palikaa utando wa mafuta, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na huo utando ndio uliobeba uzito wote. Kila alipolifikiria jambo hilo alisema Subhanallah, na wala hakulisema kwa mazoea.

Sasa pampu hiyo ilikuwa imelala juu ya mkeka, imekufa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Manowari zilikuwa zimefunga bahari, na mafuta ya mitambo kutoka Ulaya yalikuwa yamekuwa hadithi. Mrisho alilazimika kutumia mafuta ya nyonyo waliyokamua wanawake wa vijiji vya jirani. Mafuta yenyewe yalikuwa mazuri, hayana kosa. Kosa lilikuwa la mchanga wa Chinyika, ambao hauna adabu: huingia ugalini, huingia masikioni, hulala na mtu kitandani. Debe moja halikuchujwa sawasawa, mchanga ukaingia kwenye pampu na kuchimba mifereji katika kifuniko chake. Tangu hapo mafuta yaliyosukumwa mbele yalirudi nyuma kwa kupitia mifereji hiyo, injini ikakauka, ikagonga, ikanuka moto. Mrisho aliizima kabla haijajiua.

Aliifungua yote. Bushi zilizoungua, zile pete za chuma laini zinazobeba mhimili, aliziyeyusha na kuzisubu upya, pistoni akaikwangua masizi, mabomba akayazibua. Kila kitu kilirudi katika hali yake ila pampu.

Bwana Mhandisi, Mjerumani aliyesimamia vituo vya maji vya njia ile, alifika juu ya kiberenge. Alikuwa mtu mrefu aliyetafunwa na homa mpaka macho yakawa ya manjano. Alikishika kifuniko, akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama mferejini.

"Mpya hakuna," alisema. "Ijumaa alasiri linapita gari moshi la askari. Likikuta tangi tupu, askari watachota kisima cha wenyeji." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa, kisha akapanda kiberenge chake akaenda zake.

Mrisho aligeuka kutazama korongoni. Kisima cha wenyeji kilikuwa kisima cha mkwewe, mama yake Stara, mjane aliyebaki na mtoto mmoja wa kiume na zizi la ng'ombe. Kilichimbwa na baba wa mumewe katikati ya korongo la mchanga, na mwisho wa kiangazi kama huo kilitoa maji kwa kubembelezwa: unachota, unasubiri, unachota tena. Gari moshi moja lenye kiu lingekikausha mpaka tope. Mvua haikuwa na dalili hata ya wingu, na ng'ombe hawajui kusubiri. Bila ng'ombe wale yule mama asingekuwa na maziwa, wala mbegu ya mwakani, wala jina la nyumba.

Hapo ni lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mrisho alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, wa ukoo wa wachuuzi waliokuja Ugogo na misafara ya zamani. Stara alikuwa Mgogo, na jina hilo la Stara alipewa siku ya ndoa. Na kwa desturi ya kwao Stara, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Mwaka wa tatu sasa Mrisho alimjua mkwewe kwa kikohozi tu, na kwa alama ya nyayo zake mchangani. Jina lake hakuwahi kulitamka, nasi tumfuate kwa adabu hiyohiyo.

Basi alianza kukihangaikia kifuniko. Alikuwa na kioo kinene cha dirisha alichoazima ofisini mwa stesheni, kimenyooka vizuri. Alijua kwamba chuma kikisuguliwa juu ya kioo kwa unga laini, nacho hunyooka. Lakini unga uko wapi? Alijaribu mchanga aliouchekecha kwenye kitambaa, ukazidisha mikwaruzo. Alijaribu jivu, jivu likateleza tu bila kufanya kazi. Jumatano ilikuwa inaisha naye hana la kufanya, na hasira zilikuwa zimempanda mpaka akakaripia kuku.

Alirudi nyumbani akamkuta Stara anampaka mtoto wao, Kudra, ngeu iliyochanganywa na mafuta ya mkia wa kondoo, ule udongo mwekundu wa kwao. Alimpaka mgongoni na mikononi. Mrisho alichovya kidole bila kufikiri, akausugua kati ya vidole. Haukuwa na punje hata moja. Ukucha wake alipoupitishia udongo ule, ulibaki unang'aa.

Aliketi chini. Alikumbuka karakana ya Dar es Salaam, na kijikopo kidogo chenye unga mwekundu ambacho mafundi wakubwa walikifungia sandukuni na kukitumia kung'arishia chuma. Aliuona tena ule wekundu. Ulikuwa uleule.

"Mama Kudra," alisema, "ngeu hii ameitengeneza nani?"

"Mama. Nani mwingine aoshaye ngeu ikawa hivi?"

Asubuhi ya Alhamisi mama mkwe, aliyeitwa na Stara, alifika kwenye nyumba ya injini. Hakuingia. Aliketi nje, nyuma ya ukuta wa udongo, na Stara akawa anapita mlangoni huku na huko na vibuyu, akibeba maneno pamoja na udongo. Nje yule mama aliponda ngeu, akaikoroga majini, akaiacha itulie kidogo, kisha akayamimina pole pole maji yale mekundu ya juu kwenye chungu kingine. Zito lililobaki chini akalitupa. Akarudia, akarudia tena. Kilichotua mwishoni kilikuwa laini hata ukikitia ulimini usikihisi.

Ndani, Mrisho alikipaka kioo, akakilaza kifuniko juu yake, akaanza kukizungusha taratibu kama mtu anayebembeleza. Ngeu ilianza nyekundu, ikageuka nyeusi kwa chuma ilichokula. Aliifuta, akaomba nyingine.

"Anasema bado?" ilisikika sauti nyuma ya ukuta.

"Anasema bado, mama."

"Mwambie asikandamize. Ngeu haikandamizwi."

Stara aligeuka kumwambia, lakini Mrisho alikuwa amekwisha kulegeza mkono.

Kila mara alikipaka kioo utando mwembamba wa ngeu safi, akakigusisha kifuniko na kukiinua. Palipoguswa palitoka pekundu, palipo na bonde palibaki peupe. Mwanzoni wekundu ulikuwa madoa matatu ya kusikitisha. Adhuhuri ukawa mabaka. Alasiri ilipoingia, alikiinua kifuniko na kuona kimekuwa chekundu chote, pembe hadi pembe, na mifereji imekwisha. Akausugua na mdomo wa pampu vivyo hivyo, mpaka kati ya vigurudumu na kifuniko pakabaki nafasi ya karatasi ya sigara na si zaidi.

Alivifuta vyuma viwili vile, kifuniko na pampu, vikavu kabisa, akavibananisha na kuvitelezesha kidogo. Kisha akainua cha juu.

Cha chini kikainuka nacho. Hakuna gundi, hakuna skrubu, hakuna kilichokishika. Vilikuwa vimenyooka kiasi kwamba hata hewa haikupata mahali pa kupita, vikashikana vyenyewe na kuning'inia mkononi mwake.

Stara alipiga yowe dogo na kujiziba mdomo.

"Kuna nini?" mama aliuliza kwa hofu. "Amejikata?"

"Hapana, mama. Chuma kimekumbatia chuma."

Mrisho aligeuza mkono, akavitazama kila upande. Udongo uliochotwa kilimani na kuoshwa kwa mikono ya mwanamke ambaye hajawahi kumwona ulikuwa umefanya kazi ambayo Ulaya nzima na meli zake haikuweza kumletea mwaka ule. Aliviachanisha vyuma, akavibananisha tena, akavinyanyua tena, kama mtoto aliyepewa mchezo.

Ijumaa asubuhi aliiosha pampu kwa mafuta ya taa ya mwisho mwisho, akaichokoa meno kwa unyoya wa kuku mpaka akawa na hakika hakuna chembe ya ngeu iliyobaki, kwa maana unga unaosugua haubagui: ukiachwa ndani utaendelea kusugua. Akaifunga, akailaza juu ya kitambaa safi. Adhuhuri ilipofika alikwenda kutawadha na kusali, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Aliporudi aliikuta pampu nyekundu.

Ilikuwa imepakwa ngeu na mafuta ya kondoo kwa uangalifu mkubwa, nje yote, na matundu yake mawili yamejazwa. Stara alisimama kando, uso wake unawaka kwa furaha.

"Mama aliingia ulipokuwa huko," alisema. "Nilimwambia kuwa leo ndiyo inatoka ndani. Basi akasema mwali hatoki ndani mkavu. Ameipaka, halafu akakizungusha kile kijiti chake kwa kidole, nayo ikameza! Imeyameza yote, Baba Kudra. Mama amecheka mpaka machozi."

Mrisho aliinyakua pampu, akachungulia tunduni. Imemeza. Maana yake ngeu iko katikati ya meno, iko kwenye kifuniko, na injini ikiwaka tu itapanda mrijani na kuzitafuna bushi alizozisubu kwa jasho lake.

Hapohapo Filipo, shemeji yake, akaingia anahema. "Askari wametangulia," alisema. "Wako kisimani na kamba na ndoo. Wanangoja amri tu. Moshi wa gari nimeuona kule Kigwe."

Mrisho alimweleza kwa kifupi. Filipo akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Futa upesi, shemeji. Mama yuko nyuma ya ukuta, hataona."

"Usithubutu," alisema Stara, na furaha yote ilikuwa imemtoka. "Kumfuta aliyepakwa na mzee ni kumwapiza mzee mwenyewe. Akijua, hatatia tena mguu kwangu, wala hatamshika Kudra."

"Basi mwambie wewe."

"Nimwambie mama yangu mkono wake ni uchafu? Siwezi."

Mrisho alisimama na pampu mkononi. Angeweza kuifuta kwa siri, na hakuna ambaye angejua. Filipo alikuwa amesema kweli. Lakini aliuona wembamba wa vidole vya yule mama umechapwa katika ngeu, jinsi alivyofuata kila pembe bila kuruka mahali, na akashindwa. Akasogea hadi ukutani. Akafanya ambalo mkwe hafanyi.

"Mama," alisema.

Stara alishika kichwa.

"Mama, nisamehe sauti yangu. Ulichopaka ni baraka, nami naijua. Lakini ngeu yako ndiyo iliyokula chuma jana, ukasikia ilivyokula vizuri. Ikibaki ndani itaendelea kula, mpaka injini ife. Ikifa, askari watachota kisima. Mimi siwezi kuufuta mkono wako. Nakuuliza wewe nifanye nini."

Mbali sana, gari moshi lilipiga honi.

"Mtu wa mjini," sauti ilisema mwishowe, pole pole, "umewahi kuona mwali aliyebaki na ngeu mpaka uzeeni?"

"Hapana, mama."

"Siku zake zikitimia huoshwa. Na haoshwi na mwingine ila yule aliyempaka." Sauti ikakohoa kile kikohozi alichokijua. "Huyo wako siku zake zimekuwa fupi. Haya. Ondoeni miguu mlangoni."

Akaingia.

Mrisho aliinamisha macho, akaona miguu mikavu yenye bangili za shaba ikija moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, ikakunjwa. Mafuta ya taa yalikuwa yamebaki tone tu kwenye debe, na tone hilo ndilo walilolitumia. Alifungua kifuniko, akavitoa vile vigurudumu. Mama akavipokea kimoja kimoja na kuviosha, kidole chake kikipita kati ya kila jino na jino, akinong'ona maneno ya Kigogo ambayo Mrisho hakuyajua na hakuuliza. Alipokosea mahali, Mrisho alimwonyesha, na vidole vyao viligusana juu ya chuma. Hakuna radi iliyopiga. Filipo hata hivyo alitazama juu, kuhakikisha.

"Na mafuta ambayo kitu hiki huyameza ni ya kazi gani?" mama aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Ni ili vyuma vipite karibu karibu visiumizane, mama."

Yule mama aliacha kuosha. "Basi ni kama mwiko wa mkwe," alisema. Akafikiri kidogo. "Wazee hawakuuweka bure. Lakini nao hukauka, ikabidi mtu autengeneze kwa mkono."

Hayo aliyasema kana kwamba anazungumzia ukuta wa zizi, akaendelea kuosha. Mrisho alibaki na maneno hayo kifuani, mazito, akishindwa kuamua kama aliyeketi mbele yake alikuwa mkwe au alikuwa mwalimu wake.

Pampu haiwezi kunyonya ikiwa kavu. Hilo kila fundi analijua. Mama aliijaza mwenyewe kwa mafuta ya kondoo yasiyo na ngeu, safi kabisa, kutoka pembe ndogo aliyoivaa shingoni. Mrisho aliifunga mahali pake chini ya injini. Filipo na wanaume wawili wa kijiji walishika gurudumu. Kichwa cha injini kilichomwa kwa taa ya moto mpaka kikawiva, maana kikiwa baridi injini haiwaki, na honi ikasikika tena, karibu sasa.

"Zungusha!"

Gurudumu likazunguka, likasita, likapumua. Pu. Pu. Pu-pu-pu. Injini ikashika.

Lakini Mrisho hakuitazama. Alikitazama kikombe cha kioo, na kikombe kilikuwa kitupu. Bushi mpya hazina maisha marefu bila mafuta; alikuwa na muda wa kuhesabu pumzi tu kabla hajalazimika kuizima. Mkono wake ulikuwa kwenye kizimio. Mama alisogea, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mrija wa shaba, na kukiacha hapo.

"Kunapanda," alisema. "Kuna baridi inapanda."

Ndipo tone likachungulia juu ya kikombe. Likavimba, rangi ya asali, likajaa nuru ya mlangoni, likadondoka. La pili likalifuata, kisha la tatu, kisha mfululizo mmoja usiokatika. Makelele ya injini yakalainika mpaka yakawa mlio mmoja wa raha. Wote walisimama wanakitazama kikombe kile kidogo kama watu waliofumania siri ya Mungu, na Mrisho machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

Maji yalifoka kwenye bomba la tangi na kunguruma. Gari moshi liliposimama, linatweta, lilikuta la kunywa. Askari waliitwa kwa firimbi kutoka korongoni. Wakaja wanaburuta kamba kavu, ndoo zao zikigongana tupu, wakapanda mabehewa yao. Moshi ukaelekea Dodoma, na nyuma yake pakabaki mlio wa injini peke yake.

Mama mkwe alikuwa ameondoka bila kuaga. Mrisho alipotoka nje kufuta jasho alimwona chini korongoni, amesimama kwenye ukingo wa kisima chake, na ng'ombe wanateremka kwa vumbi, kiu imewatoa macho. Filipo aliwazuia kwa fimbo. Wanyama walilia, wakasukumana. Yule mama hakuwapa nafasi. Alikuwa ameshika kibuyu kilichojaa, naye alikuwa anatazama juu, kwenye nyumba ya injini, akimtafuta mtu.

"Mrisho!" aliita, kwa jina, mbele ya watu wote. "Njoo unywe wewe kwanza."